Futi Saba za Brindley: Kuielewa Siku Moja kwenye Mifereji ya Uingereza

Kila majira ya joto yanapoingia Uingereza, video za mashua ndefu zilizopakwa rangi za kuvutia, zikipita polepole kati ya malisho ya kondoo au chini ya madaraja ya matofali, huanza tena kusambaa katika simu zetu, na ubishi unaozifuata huwa uleule. Mmoja husema kwamba ule ni mto wa kawaida. Mwingine hushikilia kwamba hiyo ni mbinu ya wakazi wa London ya kukwepa kodi ya nyumba. Wa tatu, aliyesimuliwa na nduguye anayeishi Leicester au Birmingham, huapa kwamba mashua hizo hupanda vilima na kushuka upande wa pili, na hapo ndipo wenzake wanapomcheka. Anayechekwa ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, kwa kufuata safari ya siku moja tu, kwa kuwa siku moja inatosha kufichua karibu kila jambo linalowachanganya watu.

Tuanze na maneno yenyewe. Mfereji, kwa maana ya makala haya, ni njia ya maji iliyochimbwa na watu ili vyombo vipite. Si mto uliopanuliwa, wala si mtaro wa kumwagilia mashamba. Maji ya mto huteremka bila kukoma, lakini maji ya mfereji hukaa karibu tuli, yakiwa yamegawanywa katika vipande vilivyo sawa kama sakafu, kila kipande kikiwa juu au chini ya jirani yake. Panapokutana vipande viwili vya vimo tofauti ndipo pamejengwa loki, yaani chumba kirefu cha mawe au matofali, kisicho na paa, chenye milango mizito mbele na nyuma, ambamo mashua huingia ili ipande au ishuke. Mashua nyembamba nayo ni chombo cha chuma chenye tako bapa, upana wa mita 2.08, yaani futi 6 na inchi 10, na urefu unaoweza kufika mita 22, kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli. Sehemu kubwa ya mtandao wa mifereji hiyo katika England na Wales, takriban kilomita 3,200, inasimamiwa na shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust, ambalo mwaka 2012 lilipokea kazi hiyo kutoka kwa shirika la umma la British Waterways.

Kanuni ya maji tuli ina mapengo yake. Mfereji wa Llangollen, kwa mfano, una mkondo unaohisiwa waziwazi na mshika usukani, kwa sababu hupeleka maji kutoka mto Dee hadi bwawa la Hurleston, ambako husafishwa kwa matumizi ya majumbani. Lakini huo ni wa pekee, na kwa mingineyo mingi msomaji hatakosea akichukulia kwamba maji yamesimama.

Ukiyatazama vipimo vya mashua hizo, urefu unaoweza kuzidi upana mara kumi, utaona kwamba hakuna fundi ambaye angeunda chombo cha namna hiyo kwa ajili ya bahari au hata ziwa lenye upepo. Umbo lake liliamuliwa na upana wa loki, karne mbili na nusu zilizopita, na kwa maoni yangu anayelishika jambo hilo moja hahitaji kukariri mengine: mwendo wa kobe, hesabu ya saa za safari, adabu za wasafiri, hata ugomvi wa nani ana haki ya kukaa wapi, yote yanarudi kwenye chumba kile cha maji.

Jinsi mashua inavyopanda kilima

Fikiria kata inayoelea ndani ya mtungi ulio nusu. Ukiongeza maji, kata hupanda pamoja nayo hadi mdomoni, na hakuna mkono ulioinyanyua. Loki hufanya kazi hiyohiyo kwa mashua ya tani kumi na tano au zaidi.

Mashua inayopanda huingia kwenye loki maji yakiwa yamepungua, hivyo nahodha hujikuta chini, kati ya kuta zenye utelezi zinazomzidi kimo. Wenzake walioshuka mapema hufunga milango ya nyuma, kisha huenda kwenye milango ya mbele, ambayo inazuia maji ya kipande cha juu. Hapo hutumia hendeli ya chuma, wanayotembea nayo mkononi siku nzima, kuzungusha gurudumu la meno linaloinua vilango vidogo vilivyofichwa chini ya maji. Maji ya juu hushuka kupitia matundu hayo na kukijaza chumba. Hakuna pampu wala umeme katika loki za kawaida. Kazi yote inafanywa na uzito wa maji yenyewe. Dakika chache baadaye maji ya ndani huwa sawa na ya mbele, watu hukaa kwa mgongo kwenye boriti ndefu zilizoshikamana na milango, husukuma kwa miguu, na mashua hutoka ikiwa imepanda mita mbili au tatu. Kushuka ni mpango huohuo ukigeuzwa: chumba hujazwa kwanza, mashua huingia ikiwa juu, kisha maji huachiwa yaende chini.

Watu wengi huuliza ni kitu gani kinachozuia mtu mwenye haraka asifungue mlango kabla ya wakati wake. Jibu ni maji yenyewe. Milango miwili ya loki hukutana kwa pembe inayoelekeza ncha yake upande wa maji mengi, kwa hiyo kadiri maji yanavyosukuma ndivyo milango inavyozidi kubana. Hata watu kumi wakiisukuma haitasogea mpaka vimo vilingane, na baada ya hapo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuifungua. Mtu akikosea, akaacha vilango vidogo vya pande zote mbili vikiwa wazi, maji ya kipande cha juu huanza kutoroka kwenda chini, na wapo walioamka asubuhi wakakuta mashua zao zimelala kwenye matope.

Hatari kubwa zaidi ni kizingiti. Chini ya milango ya juu ya kila loki pana ukingo wa mawe unaojitokeza ndani ya chumba, na mashua inaposhuka, ukingo huo, uliokuwa umefunikwa na maji, huanza kuonekana. Mashua ikiwa imerudi nyuma sana, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, hukwama juu ya kizingiti huku omo, sehemu ya mbele, ikiendelea kushuka na maji, na chombo cha chuma kikiinama hivyo huweza kujaa na kuzama kabla wenyewe hawajaelewa linalotokea. Kwa sababu hiyo ukutani pamechorwa mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinaishia wapi, na jukumu la kwanza la aliyeshika usukani wakati wa kushuka ni kuhakikisha mashua iko mbele ya mstari huo.

Kwa nini futi saba

Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, uliobeba makaa ya mawe kutoka machimbo ya kabaila aliyeitwa Duke wa Bridgewater huko Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa karibu nusu. Siri yake ilikuwa farasi. Farasi mmoja anayevuta mkokoteni kwenye barabara mbovu za wakati ule aliweza kubeba tani mbili hivi. Farasi yuleyule akitembea kando ya mfereji na kuvuta mashua kwa kamba aliweza kusogeza tani thelathini. Njia aliyotembea ipo hadi leo kandokando ya mifereji, na ndiyo inayotumiwa na waendao kwa miguu na wenye baiskeli.

Mhandisi wa kazi hiyo, James Brindley, alipewa baadaye mfereji mkubwa zaidi wa Trent and Mersey, uliopaswa kupita chini ya kilima cha Harecastle kwa handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Kuchimba handaki pana kwa sururu na baruti ni gharama isiyo na kikomo, na loki pana hunywa maji mengi. Brindley akachagua wembamba: loki za futi 7, yaani mita 2.1, zenye kuiruhusu mashua moja tu kwa wakati. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1772 na hakuona handaki hilo likikamilika mwaka 1777, lakini mifereji iliyofuata katikati ya England ilibidi ilingane na yake, kwa kuwa mashua isiyoweza kuingia kwenye loki ya jirani haina biashara. Wasomaji wanaofuatilia habari za meli wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: zipo meli za mizigo zilizoundwa kwa vipimo vinavyokaribia kabisa ukuta wa loki za zamani za Panama, zenye upana wa mita 33.5, na hata zinapokuwa katikati ya Bahari ya Hindi umbo lao linatii mfereji ulio upande mwingine wa dunia. Mfereji wa Suez, kwa upande wake, hauna loki hata moja, kwa sababu bahari zake mbili ziko karibu kimo kimoja, na hiyo ndiyo sababu wengi wetu tuliozoea habari za Suez hushangaa kusikia mfereji unaopanda.

Reli zilipoenea kuanzia miaka ya 1830, biashara ya mifereji ilianza kunyauka. Wenye mashua, ili washindane na bei za treni, waliacha nyumba walizopanga nchi kavu na kuhamisha familia zao ndani ya chumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi, ambamo walipika, walilala na kulea watoto, wake zao wakifanya kazi ya baharia bila mshahara. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1877 na tena mwaka 1884 ili kudhibiti msongamano na afya katika vyumba hivyo. Anayedhani kuishi kwenye mashua ni mtindo uliobuniwa na vijana wa mitandaoni amechelewa kwa zaidi ya karne moja. Mifereji ilitaifishwa mwaka 1948. Majira ya baridi kali ya 1962 hadi 1963, yaliyogandisha maji kwa majuma mengi, yakamaliza sehemu kubwa ya mizigo iliyokuwa imebaki. Waliookoa mtandao huo usifukiwe ni watu wa kujitolea, wakiongozwa na chama cha Inland Waterways Association kilichoanzishwa mwaka 1946, na ndiyo maana leo zaidi ya mashua 30,000 zinaogelea mahali ambapo wapangaji wa miji waliwahi kutaka kupitisha barabara.

Siku moja kutoka Braunston

Sasa tuchukue safari halisi. Braunston ni kijiji cha Northamptonshire ambako mfereji wa Oxford unakutana na ule wa Grand Union, na kutoka hapo hadi chini ya loki za Buckby, karibu na Whilton, ni maili sita hivi, yaani chini ya kilomita kumi. Kwa gari ni safari ya robo saa. Kwa mashua nyembamba ni siku ya kazi, na hesabu yake hufanywa hivi: wasafiri huhesabu kila loki kama maili moja, hujumlisha loki na maili, kisha hugawanya kwa tatu kupata saa. Maili sita na loki 13 ni 19, na 19 kwa tatu ni saa sita na ushei, kabla hujasimama kunywa chai.

Asubuhi huanza kwa injini: kupima mafuta ya kulainishia, kukaza kikombe cha grisi kinachozuia maji yasipenye kwenye mhimili wa rafadha, yaani pangaboi linaloisukuma mashua, na kuangalia kama rafadha imeviringwa na mifuko ya plastiki au vitambaa, tatizo ambalo katika maeneo ya mijini hutokea zaidi kuliko hitilafu yoyote ya mashine. Kisha hujazwa tangi la maji safi kwenye bomba la kando ya mfereji, na hapohapo au kituo cha mbele humwagwa taka za choo, kazi isiyopigwa picha na mtu yeyote. Injini inayosukuma mashua ndiyo pia inayochaji betri za taa na friji na kupasha moto maji ya kuogea, kwa hiyo siku ya kusafiri ni siku ya kuzalisha umeme wa nyumba.

Kuongoza chombo hiki hakuhitaji leseni ya udereva wala cheti kwa anayejiburudisha, jambo ambalo wengi hukataa kuliamini. Mashua yenyewe ndiyo inayodaiwa nyaraka: leseni ya kuwa majini, bima, na cheti cha usalama kinachohuishwa kila miaka minne. Anayekodi hupewa mafunzo mafupi na kampuni ya kukodisha, na baada ya hapo huachiwa chombo chenye urefu wa basi na nusu. Anaongoza kwa kana, fimbo ya usukani iliyo tezini, na kana husukumwa upande ulio kinyume na ule anaotaka kwenda: akiisukuma kushoto, omo huelekea kulia. Aliyekua kwenye madau na ngalawa hatalishangaa hilo. Kitakachomshangaza ni kwamba mashua hujizungusha katikati yake, hivyo omo ikienda kulia tezi hutupwa kushoto, mara nyingi kwenye ukuta wa daraja. Breki hakuna, kupunguza mwendo ni kurudisha injini nyuma na kusubiri, na wakati huo usukani haufanyi kazi. Vyombo vinavyokutana hupishana kila kimoja kikishika upande wake wa kulia, kinyume cha barabara za Uingereza.

Kikomo cha mwendo ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, na kwa kawaida mashua haifiki hapo. Wapo wanaodhani hii ni sheria ya kulinda utulivu wa wastaafu. Sababu yake ni kina: maji ya mfereji mara nyingi hayazidi mita moja na nusu katikati, na kandokando ni pungufu, kwa hiyo mashua inayokazana huyanyonya maji kutoka ukingoni, hutengeneza mawimbi yanayobomoa udongo, na tezi yake huzama zaidi mpaka inaanza kukwangua sakafu. Kuongeza mafuta hapo hakuongezi mwendo. Ukipita mashua zilizofungwa ukingoni unatakiwa upunguze zaidi ili kamba zao zisivute vigingi nje ya ardhi, na asiyefanya hivyo atasikia maneno.

Loki sita za Braunston hupandisha mashua karibu mita 11. Ni loki zenye upana wa mita 4.3, mara mbili ya zile za Brindley, kwa sababu mfereji huu, ulioruhusiwa kisheria mwaka 1793 ili kufupisha njia kati ya London na katikati ya nchi, ulijengwa uweze kupokea mashua mbili nyembamba ubavu kwa ubavu. Hata hivyo wenye mashua wengi hawakuthubutu kuunda mashua pana, kwa kuwa ukitoka hapa kufuata mfereji wa Oxford unarudi kwenye futi saba. Matokeo yake ni desturi nzuri kuliko zote za mifereji, kwa maoni yangu: mashua ya kwanza kufika husubiri nyingine, kisha zote mbili hupanda pamoja loki zote sita, watu wasiojuana wakigawana hendeli na milango, na hadi loki ya nne wanakuwa wameshajua watoto wa kila mmoja wanasoma wapi. Siku za msimu huwapo pia wahudumu wa kujitolea wanaosaidia.

Juu ya kilima lipo handaki, mita 1,867 za giza, lililofunguliwa mwaka 1796. Halina njia ya kutembea ndani. Farasi walifunguliwa na kupitishwa juu ya kilima, huku mashua ikisukumwa kwa watu waliolala chali na kutembeza miguu ukutani. Leo hupitwa kwa taa ya mbele na injini kwa muda wa kama dakika 25, matone yakidondoka kutoka darini. Wachimbaji wa zamani walikosea vipimo wakaacha kona ndani yake, na kwa vile mashua mbili huruhusiwa kupishana humo, taa ya anayekuja huonekana kama imeelekezwa ukutani hadi dakika ya mwisho. Hapa ndipo dafrao, yaani vikinga vinavyoning'inizwa ubavuni mwa mashua, na ubaridi wa akili vinapohitajika kuliko mahali pengine popote.

Baada ya handaki mfereji hukaa bapa hadi Norton Junction, linapotoka tawi la kuelekea Leicester, kisha loki saba za Buckby huishusha mashua mita 19. Bondeni huko panaonekana jambo ambalo ramani pekee haiwezi kulieleza vizuri: ndani ya umbali mfupi zimejipanga barabara iliyofuata njia ya Warumi, mfereji, reli ya London kwenda kaskazini na barabara kuu ya M1. Watu wa kila zama walitafuta pengo lilelile la vilima. Malori ya M1 huipita mashua kwa tofauti ya mwendo ya mara kumi na zaidi, na anayeshika kana hana la kufanya zaidi ya kuelekea loki inayofuata.

Maji ya nani?

Kila mashua inapopita loki nyembamba, takriban lita 100,000 za maji huteremshwa kutoka kipande cha juu kwenda cha chini, na loki pana hutumia mara mbili ya hapo. Safari ya Braunston, inayopanda kilima na kushuka upande wa pili, huteka maji ya kileleni mara mbili: mara moja kwa kupanda, mara ya pili kwa kushuka. Maji hayo hayarudi juu yenyewe. Hutoka kwenye mabwawa yaliyojengwa vilimani, na katika baadhi ya maeneo hurudishwa kwa pampu wakati wa usiku. Kwa hiyo kupanda mashua mbili katika loki moja, adabu tuliyoitaja, ni nusu ya matumizi ya maji.

Hapa ndipo habari za magazetini zinapopata maana. Katika ukame wa mwaka 2025 sehemu ndefu za mfereji wa Leeds and Liverpool zilifungwa kwa sababu mabwawa yake yalikuwa yamepungua mno, na wengi waliuliza mfereji unawezaje kufungwa ilhali picha zinaonyesha maji yamo. Maji yalikuwamo, lakini yasingetosha kufungulia loki. Mamlaka ya mfereji wa Panama ilipopunguza idadi ya meli kwa siku mwaka 2023, sababu ilikuwa hiyohiyo. Mabwawa yana hatari ya upande wa pili pia: Agosti 2019 mvua kubwa iliharibu njia ya kumwagia maji ya bwawa la Toddbrook, linalolisha mfereji wa Peak Forest, na zaidi ya watu elfu moja wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa makwao kwa siku kadhaa. Bwawa lenyewe lilijengwa zama za mifereji. Kutunza vitu vya umri huo ndiko kunakomeza fedha za shirika, na ndiko kunakosababisha ada kupanda.

Je, ni kweli wanakaa bure?

La. Mwenye mashua ana njia mbili kwa mujibu wa sheria ya British Waterways ya mwaka 1995. Ya kwanza ni kuwa na gati lake la kudumu, ambalo hulipiwa, na karibu na London bei yake huwa kali. Ya pili ni kuwa msafiri wa kweli asiyekaa mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, au pungufu pale kibao kinaposema hivyo. Anayechagua njia ya pili halipi kodi ya gati, lakini halipati pia. Hana anwani ya kudumu, hujaza maji na kumwaga choo akiwa safarini, na watoto wake wanapohitaji kuwa karibu na shule kila siku, kuhama kila majuma mawili huwa mzigo mzito. Tangu Aprili 2024 wasio na gati hutozwa ada ya leseni iliyo juu kuliko wenzao, uamuzi uliozua malalamiko makubwa, na mjadala wa nani ni msafiri na nani ni mkazi anayejificha haujaisha. Binafsi naona pande zote mbili zina hoja: njia ya maji ikijaa nyumba zisizohama haipitiki, na mtu aliyeshindwa kodi za London hakuja majini kwa kupenda mandhari pekee.

Juu ya ada kuna gharama za chombo. Tako la chuma hutolewa majini kila baada ya miaka michache na kupakwa lami ili lisiliwe na kutu. Majira ya baridi joto hutoka kwenye jiko la kuni au makaa, nalo huleta hatari isiyoonekana ya gesi ya kaboni monoksidi. Tangu 2019 masharti ya usalama hudai king'amuzi cha gesi hiyo ndani ya kila mashua yenye vyumba vya kukaa. Ukilinganisha, kuanguka majini katikati ya mfereji ni jambo ambalo mara nyingi mtu mzima huinuka akiwa amelowa hadi kifuani. Ndani ya loki, na karibu na rafadha inayozunguka, ni habari nyingine kabisa.

Msomaji aliyeko Uingereza anayetaka kujaribu anaweza kukodi kwa siku moja tu, na mashua za kutwa hupokea kwa kawaida watu kadhaa bila kulala. Kuanzia Novemba hadi Machi loki nyingi hufungwa kwa zamu ili milango ibadilishwe, kwa hiyo miezi ya Mei, Juni na Septemba ndiyo yenye uhakika zaidi, ukiacha miaka ya ukame. Matangazo ya kufungwa kwa njia hutolewa na shirika linalosimamia mifereji na inafaa kuyasoma jioni ya kuamkia safari. Anayeleta watoto wadogo na wazee achague njia yenye loki chache, kwa mfano sehemu ya kaskazini ya mfereji wa Oxford kutoka Braunston kuelekea Hillmorton, ambako mashua hutembea kilomita kadhaa bila kukuta loki hata moja, na baada ya saa tatu ageuze kwenye sehemu iliyopanuliwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mahali pengine popote mfereji ni mwembamba kuliko urefu wa mashua yenyewe.